Seva Iliyopotea Kila Mzee Alipoingia

Nyie vijana wa kozi ya kompyuta hapa Mpanda mmeniomba niwaeleze, kwa ufupi, namna ya kutibu matatizo ya kawaida ya seva ya mafaili. Kwa ufupi siwezi. Na kama mlitegemea yale maneno ya wastaafu, ya kuwaambia mtii wakubwa na kushukuru kila siku, hayo pia siwezi. Katika kazi hii kutii kumeniponza mara nyingi kuliko kukaidi, na jambo ninalojivunia kuliko yote nililifanya baada ya kukatazwa waziwazi. Wako watu mjini hapa ambao hadi leo wanasema Mama Kulwa alikosa adabu siku ile. Waambieni nimesema ningerudia.

Tuanze na seva yenyewe. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa fundi wa shirika moja lililohudumia makazi ya wakimbizi wa Burundi. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya maduka ya Kashaulili. Seva ilikuwa kompyuta moja kubwa, inanifika kiunoni, hakuna anayeikalia kuandika, imefungiwa chumba chake. Mafaili yote ya ofisi yalikaa humo, na mashine sita za mezani ziliyavuta kwa waya. Leo nyie mna kiboksi cha kubeba kwapani kinachoshika mara elfu ya vile, lakini kinaugua magonjwa yaleyale. Kinapata joto, kinajaa, kinakosa umeme, kinakatikiwa waya, na kuna watu wanaokizunguka.

Hao watu ndio wagumu. Mama Tausi, aliyekuwa anatufanyia usafi, aliiona seva ni kitu cha thamani, akaifunika kitambaa cha kufuma kwa uzi chenye maua pembeni, kama mnavyofunika redio na makochi kwenu. Juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kuanzia hapo ikawa inazima yenyewe kila alasiri. Mimi fundi, na cheti changu ukutani, nikahangaika wiki tatu na umeme. Nikabadilisha plagi, nikafungua betri ya akiba, nikailaumu jenereta ya mji mzima. Kumbe matundu ya kutolea joto yamefunikwa. Nikakitoa kitambaa, kesho yake nikakikuta kimerudi, kimepigwa pasi.

"Mama Tausi, mashine inashindwa kupumua," nikamwambia.

"Sasa Mama Kulwa, kitu cha bei namna ile kikae uchi? Wageni wakija watatuonaje?"

Tukakubaliana kitambaa kihamie kwenye kabati. Somo ninalotaka mchukue hapo ni kwamba kabla hujagusa bisibisi, simama ukitazame kifaa kilivyo, na nani amekiwekea nini. Mimi lilinichukua wiki tatu.

Aliyenifundisha kutazama hivyo ni Mzee Sadiki, fundi simu wa zamani, mtu wa asili ya Ujiji aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Kompyuta hakuwahi kuigusa maishani mwake, ila waya aliujua. Alinipa daftari la kurasa mia akaniambia kila hitilafu niandike saa ilipotokea, umeme ulikuwaje, na nani alikuwa amefanya nini muda ule. Nikamuuliza ya nini yote hayo, mimi nina akili ya kukumbuka. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe utakumbuka unachotaka," akasema. "Daftari halina anayempenda." Nikaanza kuandika, kwa kumridhisha tu.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikaidi. Kila Ijumaa nilikuwa natoa nakala ya mafaili yote kwenye mkanda. Nauingiza mkanda, nasubiri, nautoa, naandika tarehe kwa mwandiko mzuri, naufungia kabatini. Kabati likajaa mikanda, na mimi najiona fundi aliyekamilika. Siku moja diski ya seva ikafa. Nikawaambia watu watulie, nakala ninazo. Nikauweka mkanda wa Ijumaa iliyopita. Mtupu. Wa Ijumaa ya nyuma yake, mtupu. Yote mitupu! Kile kitufe kidogo cha kuzuia kuandika kilikuwa kimefungwa tangu tuliponunua mikanda, na mimi sikuwahi hata mara moja kujaribu kuisoma. Orodha ya kaya zote za makazi, nani anaishi kijiji gani, ana watoto wangapi, analima shamba lipi, ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza ni mimi.

Nilikaa kwenye kiti cha chumba cha seva nikalia. Aliyenikuta ni Nyandwi.

Nyandwi alikuwa mpiga chapa wetu, binti wa watu wa Burundi, amekulia makazi ya Mishamo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sijapata kuona. Alikuwa anaishi mjini kwa kibali, na kibali kilitegemea kazi. Siku kazi ikiisha, anarudi makazini, na kutoka tena ni mpaka aombe upya na kungoja. Akaniuliza kilichonisibu, nikamweleza. Hakunilaumu. Akasema madaftari ya karatasi ya wenyeviti wa vijiji yapo stoo, basi atayapiga upya. Akayapiga kiangazi kizima, mchana anakula mhogo wa kuchemsha palepale mezani. Wakubwa waliambiwa tu kwamba diski mpya imefungwa na orodha imerudi. Nyandwi hakumwambia mtu kwamba mikanda ya Mama Kulwa ilikuwa mitupu, na mimi, niwe mkweli, nilikubali kunyamaziwa.

Mwaka uliofuata ndipo seva ilipoanza kupotea.

Haikuzima. Taa zake zinawaka, diski inanguruma vizuri, lakini kule kwenye meza mashine zote sita zinaganda kwa pamoja, na kila mtu anaambiwa kwenye kioo kwamba seva haionekani. Baada ya dakika chache ukizima mashine na kuziwasha, mafaili yote haya hapa, kama hakuna kilichotokea. Nilipima joto. Nilipima umeme. Nilikagua diski kama imejaa, haikujaa. Shirika likamleta mtaalamu kutoka Dar, akakaa siku mbili, na siku mbili zote seva haikupotea hata mara moja. Akaandika kwamba mitambo ni mizima, na kwamba uwezekano wa mtu kuhujumu usipuuzwe. Akapanda treni yake akaenda.

Mratibu wetu alilipenda sana neno hilo la kuhujumu. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa ofisi, na sote tulimwita Mzee. Siku nyingi alikuwa makazini au kwenye mikutano, hasa anapokuwepo mgeni wa kutembezwa kama yule mtaalamu. Lakini alikuwa ameona jambo moja: kila anapoingia chumba cha wapiga chapa, kioo cha Nyandwi kimeganda. Akaliunganisha mwenyewe. Nyandwi ni Mrundi, orodha ni ya Warundi, bila shaka anachomeka ndugu zake humo, na akiuona uso wa Mzee anakata mtandao ili asionekane anaandika nini. Alinieleza hivyo ofisini kwake, kwa sauti ya mtu anayemhurumia fundi asiyeelewa mambo.

"Mzee, angeukata vipi?" nikauliza. "Mkono wake huwa umeushika wewe ukimsalimia."

"Hao wana mbinu, Mama Kulwa."

Nilitoka nikiwa nimekasirika. Alhamisi moja asubuhi printa ikakwama. Printa ilikuwa chumbani kwangu, nikachomoa karatasi iliyojikunja, na katika kuinyoosha macho yakasoma. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi Nyandwi kwa kuhujumu kumbukumbu za shirika, akabidhiwe Ijumaa saa nne, na nakala kwa wanaotoa vibali. Jina lingemfuata mpaka makazini. Nani angemwajiri tena mtu mwenye barua ya namna ile?

Nikafungua daftari la Mzee Sadiki. Hitilafu zilikuwa tisa. Saa tofauti, siku tofauti, mara umeme upo, mara tuko kwenye betri. Lakini pembeni ya kila moja nilikuwa nimeandika, kwa sababu tu nilitaka kukumbuka aliyenigombeza: Mzee kaingia. Mzee kaingia. Mara tisa. Nilikuwa nimelisoma daftari lile mara kadhaa na jicho likapita juu ya maneno hayo, kwa kuwa nani angemhesabu mkubwa kuwa sehemu ya hitilafu? Mkubwa ndiye anayekuja kuuliza hitilafu imefikia wapi.

Basi nikajiuliza nini hutokea Mzee akiingia, nikaona mara moja. Tunasimama. Sote, kwa pamoja, kama tulivyolelewa. Watu wa kwetu hatumsalimii mkubwa tumekaa. Na tukisimama, tunamtazama yeye usoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama chini.

Saa ya chakula, watu walipotoka, niliingia chini ya meza ya Nyandwi. Mtandao wa zamani ulikuwa waya mmoja unaopita mashine hadi mashine, na pale unapoishia kunafungwa kizibo kidogo cha chuma. Kizibo kikilegea, si mashine ya mwisho tu inayoumia, wote mnaikosa seva. Meza ya Nyandwi ilikuwa ya mwisho, ukutani. Waya ulikuwa umelala sakafuni nyuma ya kiti chake, na ubavuni una alama ya kuchubuliwa na mguu wa kiti. Nyandwi akienda chai huwa anajichomoa kwa ubavu, nafasi ni ndogo. Lakini kwa Mzee alikuwa anasukuma kiti nyuma kabisa, asimame wima, atoe mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, ndivyo walivyomfunza mama zake. Nikakisukuma kiti. Kizibo kikavutika kidogo tu, na mashine sita zikaganda. Nikakirudisha kiti mbele, kizibo kikakaa tena mahali pake.

Nilicheka mwenyewe chini ya meza ile, kisha nikakimbia kwa Mzee.

Alinisikiliza akiwa anaandika. "Unataka kuniambia mafaili ya shirika yanapotea kwa sababu ya kiti."

"Na heshima, Mzee. Anakusimamia wewe."

"Mama Kulwa, sitaki hadithi za viti. Kafunge waya wako. Barua iko palepale."

Vijana, hapa ndipo nataka mnisikilize. Kuufunga waya ule ukutani ni kazi ya misumari minne. Ningeufunga, hitilafu ingeisha Alhamisi ile ile, na Ijumaa Nyandwi angeondoka, na seva isingepotea tena, na kila mtu angesema mmeona, alipoondoka tu mambo yakatulia. Nyie mnafundishwa kutengeneza haraka. Mimi nawaambia kuna hitilafu ambayo ukiitengeneza kabla haijaonekana umemzika mtu. Niliagizwa kufunga waya, na nikakataa kuufunga. Nyundo ilikuwa mfukoni.

Ijumaa asubuhi niliwaambia wenzangu wa chumba kile kwamba Mzee akiingia, hakuna kusimama. Wakanitazama kama nimewaambia wavue nguo. Bwana Kapele, karani wa ghala, Mfipa mtu mzima na kanisani ni mzee wa kanisa, akatikisa kichwa.

"Mama Kulwa, mimi nimelelewa. Siwezi kukaa mkubwa amesimama. Miguu itainuka yenyewe."

"Shika meza," nikamwambia.

Nyandwi alikuwa amekwisha kusikia habari za barua, ofisi ndogo haina siri. Macho yamemvimba. Akasema kwa sauti ndogo, "Akiingia nikakaa, si ndiyo nitakuwa nimemdharau kweli? Acheni tu niende, mama."

"Utakaa," nikasema. "Nami nakaa hapa pembeni yako. Ukidharau tumedharau wote."

Saa nne Mzee akaingia na bahasha mkononi. Akasimama mlangoni. Akangoja. Tukasema shikamoo, sote, tumekaa. Bwana Kapele alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, jasho linamtoka, magoti yanamcheza. Nyandwi alikuwa ameinamisha kichwa. Na vioo sita vinawaka, orodha inasomeka, seva ipo.

"Nyie," akasema Mzee. "Kuna nini leo? Hamnioni?"

"Tunakuona, Mzee," nikajibu. "Tazama na wewe vioo. Ni mara ya kwanza unaingia humu na seva ipo."

"Simameni!" Aliitoa sauti ambayo sikuijua. Na miguu ya watu, kama alivyosema Bwana Kapele, ikainuka yenyewe. Nyandwi akasukuma kiti nyuma, akasimama wima, mkono wa kushoto kwenye kiwiko. Vioo sita vikaganda.

Nikafikiri nimeshinda. Sikuwa nimeshinda. Mzee alinyoosha kidole na uso wake ukang'aa. "Si nilisema? Kainuka yeye, imekatika. Ni yeye!"

Hasira iliyonipanda ilinifanya nitulie kabisa. Nikaikamata ile nafasi kabla mtu hajapumua. Nikamwomba Nyandwi arudishe kiti mbele, nikawaambia wote wazime mashine na kuwasha, na tukangoja, Mzee amesimama na bahasha yake. Mafaili yakarudi. Kisha nikamwambia Mzee, mbele ya watu wote, "Kaa wewe kwenye kiti hicho."

"Nini?"

"Kaa kwenye kiti cha Nyandwi. Kama ni mkono wake, kwako haitakatika. Isipokatika, mpe hiyo barua, na mimi niandikie ya kwangu. Na katika ya kwangu andika kwamba mwaka jana nilipoteza orodha yote ya kaya kwa mikanda mitupu, na aliyeirudisha kwa vidole vyake, kaya baada ya kaya, ni huyu unayesema anahujumu. Alinifichia siri. Mimi sitaki tena kufichiwa."

Nadhani ni ile habari ya mikanda ndiyo iliyomkalisha. Alikaa, bahasha mapajani.

"Nyandwi, toka nje," nikasema. "Halafu ingia."

Akatoka. Akaingia. Alisimama palepale mlangoni ambapo Mzee huwa anasimama, kitenge chake cha kijani, hajui mikono aiweke wapi.

"Mzee," nikasema, "sasa msimamie umsalimie. Kama tunavyokufanyia wewe."

Mimi mpaka leo sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka kunikomoa. Labda malezi yalimshinda, maana hata yeye alikuwa na mama. Akasukuma kiti nyuma, akasimama wima, akatoa mkono. Nyandwi akaja akaupokea kwa adabu zake zote. Na nyuma ya Mzee, kioo cha kwanza kikaganda, cha pili, vyote sita.

Bwana Kapele ndiye aliyecheka wa kwanza, mzee wa kanisa yule, akaficha mdomo kwa leja.

Mzee aligeuka akatazama kioo, akatazama kiti, akainama mwenyewe akatazama chini ya meza. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko waya ulivyohitaji. Alipoinuka akaikunja bahasha mara mbili. Msamaha hakuomba, wala jina la Nyandwi hakulitaja. Aliniambia, "Funga huo waya." Nikatoa nyundo mfukoni nikaufunga, dakika kumi, na seva haikupotea tena mpaka nilipoondoka pale. Habari ya mikanda alinipa onyo la maandishi, na nililistahili. Nyandwi alibaki na kazi yake na kibali chake, na aliendelea kumsimamia Mzee kila alipoingia, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Mimi niliacha. Nilimwamkia vizuri, nimekaa.

Jioni ya Ijumaa ile, kabla sijatoa nakala ya wiki, Mzee alikuja chumba cha seva peke yake. Akaniuliza kama ile barua imo humo. Nikamwonyesha faili. Akaniambia niifute, nikamwambia mafaili ya watu sifuti, afute mwenyewe, nikampisha kiti. Akaifuta kwa kidole kimoja. Kisha akaniuliza, hajanitazama, kama huwa inaingia pia kwenye mikanda.

"Wa leo bado, Mzee. Ila jana jioni nilitoa mkanda wa ziada, kwa tahadhari ya leo. Itakuwemo."

"Ifute na huko."

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Sikuifuta. Ninao mkanda huo hapa nyumbani Misunkumilo, kwenye sanduku la kanga, nimeuandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Na safari ile, wanangu, kabla ya kuufungia niliujaribu. Ulisomeka wote.